Bendera Tuliyoichora kwa Watoto

Vijana, wenzangu wa chaki, siku ile mliponiaga mliniomba niseme neno. Nikasema mawili matatu nikakaa, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na mgeni rasmi alikuwa na safari. Sasa nimestaafu na hakuna kengele ya kunihimiza, kwa hiyo nayaandika hapa yale yasiyosemeka mtu akiwa ameshika sahani. Vyeo nilivyopata sitavieleza, havikuwa vingi na havikunifundisha kitu. Nitaeleza habari ya bendera, maana katika miaka yangu yote ya ualimu ndiyo iliyonilaza macho.

Nilifika delta ya Rufiji miaka ile ambayo neno ruksa la rais mpya lilikuwa ndiyo kwanza linazoeleka midomoni. Kwetu ni Songea, kwenye vilima na baridi, na maji mengi niliyokuwa nimeyaona hadi siku ile yalikuwa ya mto Ruvuma, tena nikiwa nimesimama mbali na ukingo. Nilipangiwa shule ya msingi upande wa Salale, katika kisiwa kilichozungukwa na mikoko pande zote. Mtumbwi ulinishusha maji yakiwa yamekupwa, tope likanifika magotini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka shamba la mpunga, mtoto mgongoni, aliniona nimeganda pale, gauni nimelikunja na viatu mkononi. Akalichukua sanduku langu bila kuuliza, akalitwika kichwani.

"Vua na soksi, mwalimu," akaniambia. "Tope la hapa linakula soksi."

Huyo alikuwa Bi Kuruthumu. Mtoto aliyekuwa mgongoni aliitwa Mwanaidi.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Mketo, Mndengereko wa palepale, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba darasa zima lilinyamaza ili limsikie. Nilidhani atanionyesha nyumba nitakayolala au darasa nitakalofundisha. Alinipeleka kwenye mlingoti.

"Ukishaijua hii," akasema, "mengine utayaona mwenyewe."

Mlingoti ulikuwa wa mkandaa, mti wa mikokoni usioliwa na wadudu. Juu palikuwa na kapi la chuma la kupitishia kamba, lililoota kutu, linalolia kila asubuhi kama mtoto mwenye njaa. Kamba ya katani haikudumu kule, chumvi iliila, kwa hiyo Mwalimu Mketo alitumia uzi mnene wa nailoni wa wavuvi. Alinifundisha kuitazama bendera kabla ya kuifunga: mistari inapanda, inaanzia kona ya chini karibu na mlingoti na kumalizikia kona ya juu huko nje. Kijani iko juu, mlingotini. Buluu iko chini, upande wa upepo. Ukiona mistari inateremka, umeigeuza. Haigusi ardhi. Haipandishwi ikiwa imelowa. Ikichanika pembeni, inapindwa na kushonwa siku ileile, kwa kuwa upepo ukishapata uzi mmoja hauachi.

Wiki yangu ya pili ule uzi ulikatika. Nikasimama mbele ya paredi, mgeni wa watu, nikawaambia wanafunzi kesho kila anayeweza aje na kamba. Kesho yake nusu ya darasa la nne walikuja na kamba wabichi wa baharini, wamefungwa kwenye majani ya mgomba. Mwalimu Mketo aliwapokea mmoja mmoja, akawashukuru kwa uso mkavu kabisa, na mchana tukala wali kwa kamba walimu wote. Uzi tuliupata kwa mvuvi.

Somo la bendera alilifundishia nje. Yeye alikuwa kijana mkubwa wakati nchi mbili zilipoungana, akaziona bendera zile mbili za kwanza kwa macho yake. Aliwachorea watoto mchangani: ya bara ilikuwa kijani na nyeusi yenye kingo za manjano, imelala mlalo, ya Visiwani ilikuwa na buluu, nyeusi na kijani. "Zilipooana," alisema, "haikufaa mmoja awe juu ya mwenzake. Wakaukata mstari uende mshazari, kila upande upate pembe yake." Sijui kama walioichora walifikiri hivyo. Sikuwahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Kisha aliwaambia waguse. Kijani ni ardhi na mimea, wakashika majani ya mkoko. Buluu ni maji, wakanyoosha mkono kuelekea mlango wa mto. Nyeusi ni watu, kila mmoja akamfinya mwenzake mkono, na hapo zogo likawa kubwa. Ilipofika manjano, ambayo ni madini, hapakuwa na cha kugusa.

"Hayo yako bara," Mwalimu Mketo aliwaambia. "Mwalimu Skola atatuletea akienda likizo kwao."

Kila niliporudi kutoka Songea watoto waliniuliza madini. Niliwaletea mahindi ya njano.

Miaka ikaenda. Mambo yalibadilika kwa namna ambayo ninyi mliozaliwa baadaye mnaiona kawaida. Somo la siasa likaondoka, uraia ukaingia. Mitumba ikauzwa waziwazi gulioni. Wanunuzi wa kamba walikuja kutoka Dar es Salaam na majokofu ya barafu na boti za mashine, na watu waliokuwa wakikausha kamba juani wakajifunza kuwauza wabichi. Wazazi wakaanza kuchangia madawati, chaki, hata mafuta ya taa ya mlinzi. Bendera nazo hazikuletwa tena, tulimwagiza mtu anayekwenda atununulie Kariakoo. Moja ilikuja manjano yake imeiva kama embe na mistari inateremka. Mwalimu Mketo aliifumua yote kwa wembe na kuishona upya kwa cherehani yake ya mkono, akikaa barazani mchana kutwa. Nilimwambia hakuna mkaguzi atakayevuka maji kuja kuangalia.

"Watoto wanaiangalia," alinijibu.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Mwaka mmoja ikaamuliwa kwamba sherehe za taifa katika eneo letu zifanyike uwanjani Kibiti, na kuwe na halaiki: watoto wa shule mbalimbali wavae nguo za rangi, wasimame uwanjani na kuunda bendera. Aliyeletwa kusimamia jambo hilo alikuwa Bwana Sanga, kijana mstaarabu wa ofisi ya wilaya, mwenyeji wa Njombe, mwenye suti moja aliyoipenda sana. Alivuka mwenyewe hadi kwetu kuomba watoto. Tulifurahi, siwafichi. Shule ya visiwani haiombwi kitu mara nyingi.

Kazi ya kuwafundisha iliniangukia mimi. Kama mtapewa halaiki ya bendera, jueni ugumu wake uko kwenye mshazari. Watoto wanajua kusimama safu iliyonyooka mbele yao, ila ukiwaambia wasimame mshazari kila mmoja anageukia upande wake na bendera inakuwa kama mkeka uliofumuka. Nilipigilia vigingi kwenye kona mbili za uwanja, nikavuta uzi, kisha nikawapanga manjano kwanza, safu mbili nyembamba, kwa sababu hao ndio mpaka. Nyeusi wakaingia katikati yao. Kijani na buluu wakajaza pembe. Nguo tulizipata tulikoweza. Nyeusi ilitoka kwenye kaniki za mama zao. Manjano ilikuwa kitambaa kipya cha dukani, kinang'aa kama taa. Kijani na buluu zilitoka kwenye mapazia ya mitumba. Mwanaidi alikuwa darasa la tano wakati huo, mrefu kuliko wenzake, nikamweka kijani, pembe ya juu kabisa, maana asiyeyumba ndiye anayewekwa pembeni.

Mama yake alikuja kutazama mazoezi, akakaa kwenye kivuli cha jengo akichambua mchele.

"Mwanangu umempa nini hapo, mwalimu?"

"Ardhi," nikamwambia.

"Afadhali. Maji anayajua tayari."

Tulikwenda Kibiti kwa boti hadi Nyamisati, na kutoka hapo kwa lori. Halaiki ilipendeza. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye watu walizungumza kana kwamba siku nzima ilikuwa mbaya. Haikuwa hivyo. Mgeni wa heshima alisimama, watu wakapiga vigelegele, na mshazari wangu haukupinda. Watoto walilala katika madarasa ya shule moja pale, wakala wali na nyama, na asubuhi tukaanza safari ya kurudi. Waliambiwa wabadilishe nguo wavae sare. Wakakataa, wakabembeleza. Walitaka mama zao wawaone vilevile walivyokuwa uwanjani.

Nyamisati tulikuta boti mbili za mashine, za mfanyabiashara mmoja wa kamba aliyejitolea. Mimi nilipanda ya kwanza na walio wadogo. Mwalimu Mketo alibaki kupandisha waliosalia kwenye ya pili. Asubuhi ilikuwa nyeupe, hapakuwa na wingu, maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi kama kawaida ya siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Tulifika kisiwani salama. Wazazi walikuwa wamejaa ufukweni, watoto wakaruka kwenye tope wakizungukazunguka ili nguo zionekane. Bi Kuruthumu alipita katikati yao akitafuta.

"Mwanaidi yuko boti ya nyuma," nikamwambia. "Yuko na Mwalimu Mketo."

"Basi yuko salama," akasema, akatandika khanga yake juu ya gogo, akakaa kungoja.

Haikuja boti. Alikuja mtu mmoja kwenye mtumbwi mdogo, anapiga kafi huku akilia, na sote tulielewa kabla hajafika. Mashine ya boti ya pili ilikuwa imezimika katikati ya mkondo. Maji yakaigeuza ubavu, yakaipeleka hadi kwenye wando, ule uzio wa miti ambao wavuvi wanausimika mtoni kutega samaki. Ikagonga, ikalala, ikapinduka.

Mitumbwi yote ya kijiji ilitoka. Mimi siwezi kuogelea hadi leo. Bi Kuruthumu alinishika mkono akaniingiza kwenye mtumbwi wake, akapiga kafi yeye mwenyewe, akaniambia kazi yangu ni kutazama.

Nikatazama. Wa manjano niliwaona kwanza. Walionekana kutoka mbali, wamening'inia kwenye miti ya wando, wengine wameshika mizizi ya mikoko ng'ambo, wanang'aa. Kila mtumbwi ulikimbilia manjano. Kisha tukawaona weusi, mmojammoja, maana kaniki ikilowa inafanana na gogo na inafanana na tope. Wa buluu walikuwa ndani ya maji yenye rangi yao. Na wa kijani walikuwa wamesukumwa mikokoni, na huko, ndugu zangu, kila kitu ni kijani. Ulikuwa unatazama mti mzima na hujui kama kuna mtoto. Nilipaza sauti nikawaita kwa majina. Tuliwapata wale tu waliokuwa na nguvu ya kuitikia.

Mwalimu Mketo tulimkuta kwenye wando, amewakumbatia watoto wawili, mmoja kila upande. Watu walisema alirudi majini mara nyingi kabla nguvu hazijamwisha. Miti ya wando imeota chaza, na chaza ni wembe. Viganja vyake vilikuwa vimekatika vipande vipande, nyama imefunguka. Alipomwona Bi Kuruthumu hakungoja salamu.

"Nilimshika," alimwambia. "Alikuwa mkononi, nguo ikachanika."

Bi Kuruthumu aliwaachia waliokuwa nyuma yetu wawapandishe. Aliugeuza mtumbwi tukaendelea kutafuta.

Tuliwapoteza watoto sita. Watano tuliwazika kisiwani siku iliyofuata, baada ya maji kuwarudisha. Mwanaidi hakurudi. Mama yake alizunguka mikokoni muda mrefu, akiwauliza wakata nguzo na wavua kaa kama wameona kitambaa cha kijani, mpaka wazee na imamu wakamwita, wakazungumza naye taratibu, na mtoto akasaliwa swala ya ghaibu kama anavyosaliwa mtu aliyefia mbali.

Asubuhi baada ya maziko nilimkuta Mwalimu Mketo amesimama chini ya mlingoti, viganja vimefungwa matambara. Shule ilikuwa imefungwa, hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

"Siwezi kuvuta," aliniambia. "Nisaidie."

Nikaifunga bendera, nikaivuta mpaka juu.

"Sasa ishushe," akasema. "Taratibu. Hapo. Ifunge."

Ilikuwa nusu mlingoti. Nilijua, naye alijua, kwamba jambo hilo linafanywa kwa amri kutoka juu peke yake, redio ikishatangaza msiba wa taifa. Tulikuwa tumelifundisha darasani, na kwenye mtihani lilikuwa swali. Niliifunga, tukaenda matangani.

Bwana Sanga alikuja na rambirambi, mchele na sukari, pamoja na watu wawili wa ofisini kwao na mwenye zile boti. Sikuona kiburi chochote kwake. Alikaa kwenye mkeka na wanaume, alikula kilicholiwa, na alipompa mkono baba wa mtoto mmojawapo hakuuachia upesi. Wakati wa kuondoka alipita shuleni. Akasimama chini ya mlingoti akatazama juu kwa muda.

"Mwalimu mkuu," akasema, "redio haijatangaza msiba."

"Haijatangaza," Mwalimu Mketo akajibu.

"Hii imeshushwa kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Huna mamlaka hayo, mzee wangu."

"Najua."

Bwana Sanga aliwatazama wenzake waliokuwa wakimsubiri kando, akapunguza sauti. "Ipandishe basi sasa hivi, tuondoke. Nisiwe nimeona."

"Matanga yakiisha itapanda."

"Mzee, mimi sikuja peke yangu."

"Nimewaona," akasema Mwalimu Mketo. "Wakaribishe nao waitazame."

Hapo nikasema kwamba aliyevuta kamba ni mimi. Nilisema kwa sauti ya kusikika. Bwana Sanga alivitazama viganja vilivyofungwa matambara, akanitazama mimi, nikadhani ataandika jina langu.

"Dada yangu," akasema, "mimi nimemuuliza mkuu wa shule."

Matanga yalipoisha bendera ikapandishwa mpaka juu, kama alivyosema. Shule ikafunguliwa. Katika madarasa kulikuwa na nafasi ambazo watoto wenyewe hawakutaka kuzikalia, nasi hatukuwalazimisha. Haukupita muda habari ikaja kwamba Mwalimu Mketo ameondolewa ukuu wa shule na kuhamishiwa shule iliyoko jirani na Mchukwi, bara, kando ya barabara, akawe mwalimu wa kawaida. Ilisemwa kwamba ametia siasa kwenye msiba. Kuhusu boti hatukusikia kitu. Mwenye boti aliendelea kununua kamba, na watu waliendelea kumuuzia, kwa kuwa mnunuzi mwingine hakuwapo.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi majini. Alikuwa mtu aliyezaliwa kwenye tope lile, na wote waliomzaa wamezikwa palepale.

"Mchukwi wana hospitali nzuri," alisema. "Vidole hivi labda vitakunjika."

Nikamuuliza kama anajuta.

Alifikiri. "Najuta kwamba bendera haikuonekana mbali," akasema. "Mikoko ni mirefu. Ukishafika kona ya kwanza ya mto, huioni tena."

Akapanda, wakaenda, na kwenye kona ya kwanza ya mto nami sikumwona tena.

Niliachiwa shule. Kazi haikungojei upone, mtalijua hilo. Nilipandisha bendera, nikasimamia mitihani, nikadai michango. Somo la bendera lilipofika niliwafundishia ndani, ubaoni, kwa maneno ya kitabu: kijani ardhi, manjano madini, nyeusi watu, buluu maji. Sikuwaambia waguse chochote. Siku moja mtoto mmoja aliuliza kwa nini hatutoki nje kama zamani. Nikamwambia kuna jua. Nje kulikuwa na mawingu.

Mwaka uliofuata Bwana Sanga akatuma ujumbe. Halaiki ya mwaka uliopita ilimpendeza mgeni wa heshima, ikaamuliwa irudiwe. Shule yetu itoe watoto kama awali, na rangi yetu mara hii itakuwa kijani tupu.

Kabla ya kuwaita wazazi nilikwenda kwa Bi Kuruthumu. Niliona si haki alisikie jambo hilo mkutanini. Alikuwa anatwanga. Nilimweleza, akaendelea kutwanga mpaka mpunga ukaisha kwenye kinu.

"Mwalimu Skola," akasema, "mimi sina neno na bendera. Neno langu ni boti."

"Wasipokuja na boti nzuri nitakataa."

"Watakuhamisha."

"Huenda."

"Basi watatuletea mgeni mwingine tumbebee sanduku," akasema. Ndiyo mara ya pekee mwaka ule niliyomsikia akikaribia utani, na machoni hapakuwa na kicheko.

Mkutano ulikuwa mfupi. Hakuna mzazi aliyefoka. Mmoja alisimama akasema watoto wake waliobaki hawavuki maji kwa ajili ya sherehe, akakaa, na wengine wakaitikia. Nikaenda Utete, alikokuwa Bwana Sanga wakati ule, nikamwomba boti ya uhakika na majaketi ya kuelea kwa kila mtoto. Alinisikiliza vizuri. Akanieleza kwa upole kwamba fedha za vitu hivyo hazimo, na kwamba amejaribu. Ninaamini alijaribu.

"Basi shule yetu haitaleta watoto," nikamwambia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima kwenye lori nilikuwa nikipanga maneno, ya watoto, ya Mwalimu Mketo, ya ile rangi nyeusi na maana yake. Bwana Sanga aliandika kitu kidogo kwenye karatasi, akafunika kalamu yake.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Nitaongeza wa huku bara. Ila wakuu wa shule wote lazima muwepo uwanjani."

Maneno yangu yote nikarudi nayo.

Siku ya sherehe nilivuka peke yangu, nikafika Kibiti, nikakaa na wakuu wa shule wenzangu chini ya turubai. Watoto wakaingia kwa ngoma. Waliwapanga manjano kwanza, kama nilivyokuwa nikiwapanga mimi, kisha weusi, kisha buluu. Mwisho wakaja kijani, wameshikana mabega, na pembeni yao alikuwa anatembea mtu mwembamba mwenye suruali iliyotiwa viraka, ananyoosha safu kwa kiganja kisichokunjika. Alikuwa Mwalimu Mketo.

Walipotoka uwanjani nilimfuata. Alikuwa amezeeka kuliko mwaka mmoja unavyoweza kumzeesha mtu. Tukaamkiana, nikampa salamu za kisiwani, akauliza habari za Bi Kuruthumu, nikamwambia analima.

"Nimepewa kijani," akasema. "Niliomba buluu, hata nyeusi. Wakasema ni kijani inayopungua, kuna shule imejitoa."

"Ni sisi."

"Nilijua ni ninyi. Nilifurahi." Akawaonyesha watoto wake kwa kidevu. "Hawa wanakuja kwa miguu na kurudi kwa miguu."

Ng'ambo ya uwanja mgeni wa heshima alikuwa bado anapiga makofi, na mtu wa kipaza sauti anawaeleza wananchi maana ya rangi moja baada ya nyingine. Nikamuuliza Mwalimu Mketo kama kule alikosimama aliona pengo lolote katika bendera, maana mimi chini ya turubai sikuliona.

"Nimelitafuta tangu walipojipanga," akasema. "Halipo."

Kisha akageuka akaanza kuwaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, kwa ile sauti yake ya chini, na hakumruhusu yeyote kuondoka mpaka kila jina liitikiwe.